Wimbi Chini ya Herufi: Mama Risasi Anaaga Chumba cha Herufi

Baada ya miaka thelathini na minane katika kiwanda chetu cha uchapaji, mpangaji herufi mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Risasi, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Meneja ameniomba mimi, msomaji prufu, yaani msahihishaji wa kurasa kabla hazijachapwa, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida hili, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye karibu zaidi. Meza zetu zimetenganishwa na ukuta wa mbao wenye kidirisha, na kupitia kidirisha hicho tumepitishiana karatasi, peremende na habari za watoto tangu nywele zetu zilipokuwa nyeusi.

Wafanyakazi wapya huogopa jina lake kabla ya kumwona. Mgeni akifika getini na kusikia kwamba anayemtafuta anaitwa Mama Risasi, mlinzi wetu hafanyi haraka kumweleza. Humwacha kwanza apauke kidogo, halafu ndipo amwambie kwamba risasi yenyewe ni yale madini laini yaliyotengenezewa herufi za zamani, na kwamba mama huyo hajawahi kumdhuru mtu, labda awe amekunywa chai juu ya karatasi safi.

Alikuja hapa akiwa binti aliyemaliza shule majuzi, akapewa kazi ya kurudisha herufi za risasi kwenye vijumba vya trei kila kitabu kilipokwisha kuchapwa. Ni kazi ya kuchosha, na wengi waliikimbia. Yeye aliipenda. Ninamkumbuka akiwa amesimama chini ya madirisha ya juu, vumbi likielea kwenye jua la alasiri, mikono yake ikinuka mafuta ya taa, akidondosha herufi moja moja mahali pake bila kutazama. Sauti ilikuwa kama ya mvua inayoanza juu ya bati. Ukimwita wakati ule hakusikia. Alikuwa mbali, na nilijifunza kumsubiri arudi mwenyewe.

Hakukaa sana kwenye kazi ya kurudisha. Aliyekuwa mkuu wa chumba, mzee mkali asiyesifia mtu, alimpandisha akawa mpangaji, na siku ya kustaafu kwake akamkabidhi koleo lake dogo bila kusema neno. Kwa mzee yule hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Sasa niseme habari ya herufi iliyomfanya Mama Risasi ajulikane hata nje ya kiwanda hiki.

Kuna lugha ya milimani inayozungumzwa na watu wachache. Ndiyo lugha ya kina mke wangu. Ina sauti moja inayopita puani, kama mtu aliyeanza kuimba akaghairi, na wenyewe huiandika kwa n yenye wimbi dogo chini yake: n̰. Mke wangu alikuwa nayo katikati ya jina lake. Hakuna aliyeiuza herufi hiyo. Wenye viwanda vya kutengeneza herufi hawakuwahi kuisikia. Kwa hiyo vitabu vya shule vya milimani vilipoletwa kwetu, Mama Risasi alichukua n za kawaida, akazikata miguu kwa tupa, akaunga chini ya kila moja kiwimbi alichokichonga mwenyewe. Alizifunga kwenye kitambaa laini kama vito. Zilikuwa chache, na ukurasa mmoja uliweza kuzimaliza zote, kwa hiyo tulichapa ukurasa wa kwanza, tukazichomoa, tukazipeleka ukurasa wa pili. Mpiga chapa wetu alilalamika kwamba hajawahi kuona herufi zinazosafiri kuliko yeye.

Kisha zikaja kompyuta, na trei za risasi zikabebwa nje kwa mkokoteni. Mama Risasi hakulia. Alikaa mstari wa mbele katika mafunzo, kalamu mkononi, na fundi wa kompyuta akatueleza jambo ambalo wengi wetu tulilichukulia kama masihara. Alisema kompyuta haijui herufi hata moja. Inajua namba tu. Ukibonyeza a, inaweka tisini na saba. Ukibonyeza n, inaweka mia na kumi. Umbo tunaloliona kwenye skrini linatoka kwenye fonti, na fonti ni kama kabati la nguo: namba ikiitwa, kabati linafunguliwa, namba inavalishwa, inatoka mbele za watu ikiwa n.

Siku chache baadaye Mama Risasi aliniambia kupitia kidirisha kwamba ameota herufi zote zimekaa kwenye mabenchi marefu kama wagonjwa zahanati, kila moja na namba yake mkononi, kimya, zikingoja kuitwa. Ila n ya milimani ilikuwa imesimama mlangoni, mikono mitupu. Aliamka na huzuni, akaenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi alikiri kwamba kompyuta zile za kwanza zilikuwa na nafasi mia mbili na hamsini na sita basi, na zote zilikuwa na wenyewe. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni watu wa chumba cha herufi tu wanaoweza kulifanya. Tulikaa, yeye, fundi na mimi, tukatafuta ni alama gani haitumiki. Tukaiona alama ya yeni, fedha ya Wajapani. Hakuna mteja wetu aliyewahi kununua kitu kwa yeni. Basi Mama Risasi akaingia kwenye fonti yetu, akafuta umbo la yeni, akachora mahali pake n yenye wimbi. Tulipongezana kwa chai na mandazi.

Ndani ya kuta hizi mambo yalikwenda vizuri sana. Kompyuta iliona namba ya yeni, ikafungua kabati letu, ikatoa n yenye wimbi. Shida ilianza tulipopeleka kitabu kwenye kiwanda kingine. Kabati lao halikuwa limeguswa. Hadithi nzima ya sungura wa milimani ilirudi ikiwa imejaa yeni, sungura anakohoa yeni, bibi yake anamjibu kwa yeni. Mke wangu, aliyetajwa kwenye shukrani za kitabu, alipoona jina lake limekuwa hivyo alisema afadhali, miaka yote ya ndoa alikuwa anataka kujua thamani yake, ila sasa nimtafutie Mjapani amlipe.

Kinyume chake nacho kilitokea. Tulipanga kitabu cha hesabu chenye zoezi la fedha za kigeni, na kwa kuwa tulishasahau, kikatoka kinasema mtalii alifika uwanja wa ndege na n̰ elfu tatu. Mwalimu mkuu mmoja alipiga simu kuuliza kwa upole kabisa nchi hiyo iko wapi, maana wanafunzi wake wameitafuta kwenye ramani. Mama Risasi ndiye aliyepokea simu. Alimjibu kwamba iko ghorofa ya pili, chumba cha herufi, na kwamba anaomba radhi kwa niaba ya serikali yake.

Baada ya miaka zikaja kompyuta mpya na orodha mpya, orodha moja ya dunia nzima, ambayo ndani yake kila herufi ya kila lugha ina namba isiyogombaniwa. Mama Risasi aliipekua kwa wiki kadhaa. Ilikuwa kama mtu anayepita mitaa ya mji mkubwa akisoma vibao vya milango. Alikutana na maandishi ya watu waliokwisha kutoweka, alama za muziki, alama za hali ya hewa. N yenye wimbi kichwani aliiona, ina namba yake. N yenye wimbi miguuni hakuiona.

Aliwaandikia wanaotunza orodha hiyo. Jibu lilikuja la heshima na fupi: haihitaji namba yake moja, kwa sababu inaandikwa kwa namba mbili. Kwanza inawekwa mia na kumi, ambayo ni n. Inafuatwa na mia nane na kumi na sita, ambayo ni wimbi la chini peke yake. Wimbi hilo halina kiti chake kwenye mstari. Popote linapotua, linaingia chini ya herufi iliyolitangulia na kushikamana nayo, na kompyuta yoyote ya kisasa inajua hivyo.

Alikasirika. Kwa siku kadhaa kidirisha kilifungwa, na sisi tunaomjua tulinyata. Aliona herufi ya watu wengi imepewa nyumba, ya watu wachache imeambiwa ikae barazani. Siku alipokifungua tena alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. Alisema alikuwa amefikiri vibaya, kwamba amedhani kupewa namba mbili ni kunyimwa moja. Akanikumbusha kwamba hata zile za risasi alizitengeneza hivyo hivyo, n huku, wimbi huku, halafu moto kidogo.

Hayo yote yangebaki mambo ya kiwandani kama mke wangu asingeugua.

Wanaomkumbuka watakumbuka kwamba alikuwa mshonaji, na alikuwa akiimba huku amebana pini mdomoni, nyimbo za kubembeleza watoto alizofundishwa na mama yake. Katika ukoo wao walikuwa wamebaki wawili tu wanaozijua, yeye na dada yake aliyeolewa nchi ya mbali sana. Mama Risasi aliwahi kuzipanga nyimbo hizo kuwa kijitabu, zamani za yeni. Ugonjwa ulipozidi, mke wangu alitaka jambo moja tu: nyimbo zimfikie dada yake kwenye simu zikiwa kamili, na herufi zake zote, ili wajukuu wa kule wafundishwe. Alikuwa na haraka, kwa sababu dawa zilikuwa zimeanza kumsahaulisha mistari.

Yeye mwenyewe hakuweza kuziandika. Kwenye kibodi ya simu yake herufi ile haikuwepo, na alikuwa amezoea kuiruka. Kila ujumbe aliomwandikia dada yake ulikwenda na jina lenye pengo katikati. Mama Risasi alimwita mke wangu wifi, kwa kuwa mimi huniita kaka. Alipokuja kumwona, mgonjwa alimshika mkono akamwambia, "Wifi, safari hii usinitume nikiwa na tundu."

Mwaka ule Mama Risasi alikuwa na haki ya kustaafu mapema. Fomu zilikuwa tayari kwa karani. Aliomba zirudishwe kabatini, na meneja, ambaye siku hizo hakujua sababu, alidhani ni mambo ya mafao. Akaanza kazi ya kuing'oa yeni mahali popote ilipojificha na kuweka namba mbili za kweli. Hakutaka kompyuta ifanye kwa mkupuo mmoja. Alisema mtalii wa kitabu cha hesabu amemfunza adabu. Akaanza na kijitabu cha nyimbo.

Prufu zake tulizisomea nyumbani kwangu. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kompyuta mapajani, mimi kwenye kiti na kalamu nyekundu, mke wangu amelala macho yamefumba. Aliimba mstari, na kila sauti ilipopita puani tuliinama kuangalia kama wimbi lipo. Pazia lilikuwa la njano, chumba chote kikawa na rangi ya chai iliyopoa. Kuna wakati aliimba akapotelea usingizini katikati ya mstari, nasi tukabaki na vidole juu ya herufi, tukimngoja. Alipozinduka aliendelea palepale alipoachia. Sijui alikuwa amekwenda wapi. Sikumbuki kusoma prufu nyingine kwa furaha kama ile.

Nyimbo zikatumwa. Dada mtu alijibu mchana wa siku iliyofuata, na hakuwa amefurahi. Simu yake ni ya zamani, kitu cha vitufe vilivyofutika. Alisema n ni hizo anaziona, lakini chini na pembeni yake hakuna wimbi lolote, kuna visanduku vitupu tu, ukurasa mzima. Aliandika kwamba aliomba nyimbo za mama yake, wao wamemtumia madirisha. Mke wangu alisoma, akaweka simu kifuani, akageukia ukutani.

Niliondoka kwenda kiwandani. Mama Risasi alinisikiliza hadi mwisho, akafunga kompyuta yake, akavaa viatu vya kutokea. Tulipofika nyumbani alimpigia simu yule dada, shemeji yangu, akamwomba jambo la ajabu: azirudishe nyimbo. Asiandike chochote, asizipige picha, azishike tu kama zilivyo na visanduku vyake, azitume zilikotoka. Shemeji alinung'unika kwamba sasa amefanywa tarishi wa takataka, kwamba watu wa kiwandani wana muda wa kuchezea wagonjwa. Lakini alituma.

Simu ikatetemeka kitandani. Mke wangu hakutaka kuangalia. Mama Risasi aliifungua akamshikia mbele ya macho. Nyimbo zilikuwa zimerudi nzima. Kila n ya milimani ilikuwa na wimbi lake miguuni, hakuna hata moja lililodondoka njiani, na juu kabisa lilikuwepo jina la mke wangu bila pengo.

Mgonjwa alitazama muda mrefu. Aliuliza imekuwaje, zimetoka kule zilikokuwa mbovu, zimefika huku nzima.

Mama Risasi alimweleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsimulia mtoto. Alimwambia kilichosafiri ni namba, siyo umbo. Namba zote mbili zilifika kwa dada yake salama na zikakaa humo ndani salama. Simu ya kule haikuwa na vazi la ile namba ya pili kwenye kabati lake, na badala ya kudanganya ikachora kisanduku.

"Kile siyo tundu, wifi," alisema. "Ni simu inasema hapa pana mtu, mimi ndiye sina nguo za kumvisha."

"Kwa hiyo nilikuwa nimefika," mke wangu akasema.

"Ulikuwa umefika."

Jioni ile walipiga simu tena, dada na dada. Shemeji alipoelezwa alicheka hadi akakohoa, akasema kumbe alikuwa amekaa na wageni akidhani ni viti vitupu. Kisha akaimba, akisoma kwenye madirisha yake, maana yeye alijua ni sauti gani imesimama nyuma ya kila kimoja. Huku kwetu mke wangu alimfuata kwa mdomo, bila sauti. Mama Risasi alikuwa ameshikilia simu katikati, mkono umemfa ganzi, na hakuubadilisha.

Mke wangu alifariki kabla mvua za msimu ule hazijaisha. Tangazo la msiba alilipanga Mama Risasi mwenyewe.

Aliporudi kazini kutoka msibani aliendelea na vitabu vilivyobaki: vya kusoma, vya afya, kamusi ndogo, hata kile cha hesabu, ambamo mtalii hatimaye amerudishiwa fedha zake halali. Leo hakuna yeni iliyojificha kwenye faili letu lolote la lugha ya milimani. Alimbembeleza fundi hadi akatengeneza kibodi ya simu yenye kitufe cha wimbi, na walimu wa kule wanasema watoto wanaitumia kutaniana darasani, jambo ambalo lilimpendeza kuliko cheti alichopewa na wizara. Kile cheti alikitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hakionekani. Mlango wake huwa wazi.

Hakuwa malaika, na wenzake watanishangaa nikisema vingine. Alikuwa mbishi wa feni, aliizima kila tulipoiwasha kwa sababu inarusha karatasi. Alikuwa akiimba vibaya, tena kwa kujiamini. Aliwahi kusimamisha mashine kubwa ikiwa inakwenda, kwa ajili ya nukta moja, na mpiga chapa hakumsemesha kwa mwezi mzima ingawa nukta yenyewe ilikuwa kweli imekosekana. Sasa mpiga chapa huyo ndiye anayechangisha zawadi ya kumuaga, na anatutisha kuliko karani wa kodi.

Shemeji yangu hadi leo hajabadilisha simu. Mama Risasi alijitolea kumtafutia nyingine yenye kabati lililojaa, akakataa, akasema ameshazoea kuisoma hiyo. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe usio na salamu wala habari, jina la mdogo wake peke yake, alilolinakili juu ya nyimbo zile. Kwake lilikuwa na kisanduku. Kwangu lilifika zima. Nilimwonyesha Mama Risasi kupitia kidirisha. Aliegemea mbao, akalitazama kama anavyotazama prufu safi, akasema halina kosa, lipite.

Mama Risasi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kiwanda hiki, wa juu na wa chini, wa wino na wa karatasi, asante kwa mikono yako na kwa ubishi wako. Nenda kapumzike kwenye nyumba yenye madirisha makubwa, lala mchana, zima feni zote upendavyo. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kuitumia. Na ukitukumbuka, tuandikie. Hata kama huku kwetu hatutaona kitu, tutajua umefika.